Kisiwa Kisichokuwemo Ramanini

Safari yenyewe ni ya siku tatu. Mimi niliipanga kwa miaka miwili na nusu.

Binti yangu Hosiana, aliyeolewa Kagongwa, alikuwa ananicheka waziwazi. "Baba, watu wameenda mwezini na kurudi kwa mpango mfupi kuliko huo." Nikamjibu kwamba waliokwenda mwezini hawakukuta viboko. Alicheka, lakini alipokuwa anakwenda kungoja basi nilimwona akijifuta macho kwa pindo la khanga. Alidhani nimeshaingia ndani.

Mambo yalikuwa hivi. Mke wangu Melania alifariki Februari ya mwaka tisini na tano, katika nyumba yetu ya Maganzo, nje ya uzio wa mgodi wa almasi wa Mwadui. Yeye alikuwa Mzinza wa kisiwa cha Maisome, huko Ziwa Viktoria. Katika ukoo wao, nguo za mwanamke aliyefariki hurudishwa nyumbani kwao zigawiwe ndugu zake, na mpaka hapo msiba haujaisha. Nguo zake zilikuwa kwenye sanduku la bati la rangi ya bluu, juu ya kabati. Nilikuwa nalipangusa vumbi kila Jumamosi na kulirudisha palepale.

Mtu mwenye akili timamu angepanda basi hadi Geita, akatafuta gari la kwenda kwenye kivuko, na kesho yake jioni akawa yuko Maisome anakula samaki. Lakini Melania aliniomba jambo. Alikuwa amelala chumba cha mbele, maana huko hewa ilipita vizuri, akasema, "Baba Hosiana, najua mtanizika hapa hapa, sikatai. Ila vitu vyangu uvipeleke kwa njia niliyojia."

Njia aliyojia ilikuwa ya maji. Mwaka hamsini na nane alitoka Maisome na baba yake kwa mtumbwi wa tanga, wakifuata pwani ya ziwa hadi ghuba ya Nungwe. Walibeba samaki wakavu wa kuwauzia wafanyakazi wa mgodi wa dhahabu wa Geita, na mmoja wa wafanyakazi hao alikuwa mimi. Nilinunua samaki wengi kuliko tumbo langu lilivyoweza. Mwaka uliofuata nilipeleka ng'ombe, akawa wangu. Tangu hapo alirudi kwao mara nne tu, zote kwenye misiba, na zote kwa gari na kivuko. Njia ya tanga hakuiona tena.

Na mimi ni nani hata nithubutu kupanga safari ya tanga, Msukuma niliyezaliwa kwenye pamba na ng'ombe? Kazi yangu ndiyo iliyonipa kiburi. Pale Mwadui kuna bwawa lililochimbwa kwa ajili ya maji ya mgodi, na wakubwa waliweka humo vidau vya tanga vya kuchezea Jumapili. Mimi nilikuwa mtunzaji wa vidau hivyo kwa miaka ishirini na mitano. Nilivitengeneza, nilivipaka rangi, na mwishowe niliviendesha vizuri kuliko wenyewe. Tena kila siku saa kumi na mbili asubuhi nilikwenda kusoma alama kwenye nguzo iliyosimikwa majini, nikaandika kwenye daftari la mgodi maji yamefika wapi. Sikukosa hata siku niliyoumwa malaria. Nilipostaafu mwaka tisini na tatu nilipewa kidau kimoja cha mbao, futi kumi na nne, namba kumi na mbili kwenye tanga. Kikawa kimekaa uani, kuku wanatagia ndani yake.

Nilikuwa pia na ramani. Rafiki yangu wa ofisi ya wachoraji alinipa siku ya kuagana, ramani kubwa ya pwani ya kusini ya ziwa, iliyochapwa mwaka sabini na mbili kutokana na picha zilizopigwa kwa ndege. Niliibandika ukutani, nikawa naitazama kama wengine wanavyotazama picha za watoto wao.

Basi Januari ile ya tisini na tano, kila jioni baada ya uji, nilikaa kwenye kiti kando ya kitanda chake na daftari la shule mapajani, yeye akisema, mimi nikiandika. Alikumbuka kila kitu. Alinifundisha kwamba alfajiri upepo hutoka nchi kavu na kukusukuma ziwani, na kuanzia saa tano hugeuka, unatoka ziwani na kukurudisha ulikotoka. Kwa hiyo unaondoka kabla ya jua, na saa nne uwe umeshatia nanga mahali palipokingwa upande wa kaskazini. Siku ya kwanza utoke Nungwe ulale Nyabitoke, nyuma ya rasi, chini kuna tope linaloshika nanga vizuri. Usilale kwenye matete kwa sababu ya viboko. Siku ya pili, Irumba, ghuba ya mchanga, kuni zipo. Sauti yake ilikuwa imekwisha nguvu, lakini alipofika kwenye maji ilirudi. Zile zilikuwa jioni nzuri. Naona haya kusema jioni za ugonjwa zilikuwa nzuri, ila ndivyo zilivyokuwa.

Tulipofika kituo cha tatu, akasema, "Ukikuta Irumba pabaya, usihangaike. Nenda Kabale, ulale nyuma yake. Mchana kaa kusini, jua likikaribia kuzama hamia kaskazini, maana upepo wa alfajiri utakupandisha juu ya mawe."

"Kabale ni nini?"

"Kisiwa. Kwetu maana yake kijiwe. Kipo kati ya Irumba na nyumbani."

Nikachukua taa nikaenda ukutani. Kati ya Irumba na Maisome palikuwa na rangi ya bluu tupu. Nikarudi. "Hakuna kisiwa hapo."

"Kipo. Kidogo, jiwe tambarare na kichaka kimoja. Baba alichonga mashimo ya bao juu yake tulipokuwa tunasubiri upepo. Safu nne. Safu ya mwisho ina mashimo saba, jiwe lilikuwa limepasuka, akaacha."

Nikacheka. Mungu anisamehe, nilicheka kwa sauti. "Bao la mashimo saba nani analicheza?"

"Tulicheza sisi."

"Mama Hosiana, hiyo ni homa. Ramani imepigwa kutoka angani. Ndege isikione kisiwa, ukione wewe?" Na mbele ya macho yake nikachukua rula nikapiga mstari juu ya maneno yote ya kituo cha tatu. Mstari ulionyooka, wa mtu wa kazi.

Alinitazama. Hakukasirika, angekasirika ningepona. Alisema tu, "Haya," akageukia ukutani.

Kesho yake jioni nilifungua daftari nikamwambia tuendelee na kituo cha nne, yaani namna ya kuingia nyumbani kwao, maana hapo pana mawe na lazima ujue mlango. Akasema, "Wewe si una ramani?" Keshokutwa yake nilijaribu tena, akasema amechoka. Siku kumi na tisa baadaye akafariki. Kwenye ukurasa ule pameandikwa namba nne na nukta, na chini yake mistari ya daftari, mitupu.

Sasa mnajua kilichokuwa kinanichelewesha. Niliogopa kufika Maisome bila kujua pa kuingilia, na kuulizwa kwa nini sijui. Kwa hiyo nilipanga. Jioni nilipika ugali, nikajikuta nimepika wa watu wawili, nikala wa mtu mmoja, kisha nikaitandaza ramani mezani. Nilipima njia kwa uzi wenye mafundo. Kila mahali pa kutia nanga niliweka punje ya choroko, ya kijani kwa mahali pa kwanza, iliyokaangwa kwa mahali pa akiba. Usiku mmoja panya wakanilia nanga mbili, nikalazimika kuanza upya, na nasema kweli nilifurahi kwamba kazi imeongezeka. Nyumba ilikuwa kimya mno. Ningemaliza kupanga, ningebaki na nini?

Juni ya mwaka tisini na saba ikaja barua ya shemeji yangu Telesphori, mdogo wake marehemu. Alinisalimu vizuri, akauliza hali ya mvua, akauliza hali ya Hosiana, kisha akaandika: "Shemeji, wazee wanasema kabla ya mvua za vuli nguo zifike, au tuje wenyewe tuzichukue." Nikaisoma mara tatu nikiwa nimesimama. Kisha nikaenda uani kuwatoa kuku kwenye kidau.

Imran, mfanyabiashara wa Shinyanga mjini ambaye baba yake aliniuzia shati langu la harusi, alikuwa na lori linalopeleka sukari, majembe na sururu kwa wachimbaji wadogo wa dhahabu huko Nyarugusu. Nikamwendea dukani.

"Mzee Maganga, shikamoo."

"Marahaba. Nataka lori lako linibebee mzigo hadi Nungwe."

"Mzigo gani?"

"Mashua."

Alinitazama, akatazama nje kwenye jua la Shinyanga na vumbi lake, akanitazama tena. "Ya kwenda wapi, mzee wangu?"

Nikamweleza. Alipoelewa kwamba ni mambo ya Mama Hosiana hakuuliza tena. Alisema, "Alikuwa ananiletea ubuyu nilipokuwa mdogo," na akakataa nauli.

Hosiana alikuja Maganzo siku ya kupakia. Hakucheka safari hii. "Baba, mwaka jana tu watu wamepotea ziwani, na meli kubwa. Wewe na hiki kidude! Basi la Geita lipo kila siku."

"Mama yako hakuniomba basi."

"Mama hayupo," alisema. Kisha akanifungia viazi vitamu na chumvi, akaweka na dawa za malaria. Alinisaidia kulifunga sanduku la bluu ndani ya nailoni, tabaka tatu.

Lori lilitufikisha Nungwe siku ya pili mchana, mimi na kidau tumekuwa rangi moja kwa vumbi la huko. Pale ufukweni wanawake walikuwa wanaanika dagaa. Mmoja, Paskalia, ambaye mumewe alikuwa mvuvi, alinisalimu Kisukuma, "Mwadila, baba," na sauti ya nyumbani ilinigusa kuliko nilivyotegemea. Alinipa mahali pa kulala na kuniitia mumewe, nimuulize nilichotaka.

Nikamwekea ramani mbele. Nikamuuliza swali nililolibeba miaka miwili na nusu, na nililiuliza kwa namna ya mtu anayetaka jibu moja tu. "Kati ya Irumba na Maisome kuna kisiwa?"

"Hakuna," akasema. "Kuna mwamba tu, chini ya maji. Unatuchania nyavu. Ukiona maji meupe kaa mbali." Kuhusu Irumba yenyewe sikumuuliza.

Nikaweka alama ya msalaba mwekundu pale aliponionyesha, nikaandika HATARI. Na nilifurahi. Nilikuwa sahihi, mzee wa ramani! Nilikaa na furaha hiyo muda wa kunywa kikombe cha chai. Kisha nikaona kwamba mtu pekee niliyetaka kumwambia kuwa nilikuwa sahihi ndiye niliyemnyamazisha, na chai ikawa haina ladha.

Siku ya kwanza mambo yalikwenda kama yalivyoandikwa. Niliondoka kabla ya jua, upepo wa nchi kavu mgongoni, sanduku la bluu limefungwa kwa kamba mbele ya mlingoti. Nitakiri kwamba niliogopa. Kwenye bwawa, popote ulipo unaona ukingo, na kidau kikizama mtu anaweza kutembea hadi nyumbani. Pale niliangalia kaskazini nikaona maji yanaishia mbinguni. Nikashikilia usukani kwa mikono miwili na kuzungumza na sanduku. Saa nne nilikuwa Nyabitoke, nyuma ya rasi. Nanga ilizama kwenye tope na kushika, kama alivyosema. Viboko walikuwa kwenye matete, kama alivyosema. Nilikula viazi peke yangu nikitazama maji, na jioni ile ilikuwa ndefu kuliko zote nilizowahi kukaa Maganzo.

Siku ya pili saa tatu na nusu nikafika Irumba, na Irumba haikuwepo.

Kwanza nilidhani nimepotea. Mahali pa ghuba palikuwa na shamba la kijani, tambarare, lenye maua ya zambarau, na ndege weupe wanatembea juu yake. Nilipokaribia ndipo nikaelewa. Magugu maji. Yalikuwa yameijaza ghuba yote, kutoka rasi hadi rasi, mazito kiasi kwamba kasia langu liliingia na halikutoka mpaka nilipolivuta kwa nguvu zote. Mchanga wa Melania ulikuwa huko nyuma, na hakuna chombo ambacho kingeufikia.

Mpango wangu ulikuwa na jibu. Choroko iliyokaangwa ilisema: Irumba ikishindikana, rudi Nyabitoke. Nikageuza. Lakini upepo ulikuwa umeanza kubadilika mapema, na kipande kikubwa cha magugu, kikubwa kuliko uwanja wa mpira wa Mwadui, kilikuwa kimesukumwa na kuziba mlango niliopitia, kati ya rasi na mawe. Nyuma palifungwa. Kulia na kushoto kijani. Mbele tu ndiko kulikokuwa na maji, na mbele ndiko ulikotoka upepo.

Nilikaa na demani, kamba ya kuongozea tanga, mkononi, sijui niende wapi. Mpango wa miaka miwili na nusu ulikuwa umekwisha saa nne asubuhi. Na hapo hapo nikasikia, kwa sauti ile iliyorudi nguvu ikifika kwenye maji: Ukikuta Irumba pabaya, usihangaike.

Mbali kidogo kaskazini kulikuwa na mstari mweupe. Ulikuwa ule msalaba wangu mwekundu. Maji yalipanda pale, yakavunjika, na upande wa huku wa mstari ziwa lilikuwa limelala. Nikaenda. Ilinichukua saa nzima na zaidi, nakata kulia, nakata kushoto, mawimbi yananiingilia na mimi namwaga kwa sufuria. Nilikuwa naelekea mahali palipoandikwa HATARI kwa mkono wangu mwenyewe.

Nilipofika nyuma ya ule mstari, upepo ulikuwepo lakini maji yalitulia. Nikashusha tanga. Nikateremsha kamba yangu ya kupimia, yenye jiwe na mafundo. Mafundo sita. Matano. Matatu. Nikatia nanga kusini mwake, ikashika mchanga. Nikakaa pale nikihema. Kisha nikajifunga kamba kiunoni, nikashuka majini.

Maji yalinifika kifuani. Nikasogea, yakafika kiunoni. Nikasogea tena, yakafika magotini, na chini ya nyayo zangu palikuwa na jiwe tambarare, lenye utelezi. Nilikuwa nimesimama katikati ya Ziwa Viktoria kwa miguu yangu miwili, maji yananipiga magotini, na nchi kavu iko mbali pande zote.

Kidole gumba cha mguu wa kulia kikaingia kwenye shimo.

Nilidhani ni ufa wa kawaida. Nikasogeza mguu kidogo, shimo lingine, la ukubwa uleule, la mviringo. Lingine. Nikapiga magoti, nikainama mpaka maji yakanifika shingoni, nikayapapasa mashimo kwa mikono. Nane. Safu ya pili, nane. Safu ya tatu, nane. Ya nne nilianza upande wa kushoto, polepole, natoa mchanga ndani ya kila shimo kwa kidole. Moja, mbili, tatu, nne, tano, sita, saba. Halafu ufa mrefu, unaoingia kiganja. Halafu jiwe laini.

Nilihesabu mara mbili, kama nilivyokuwa nasoma ile nguzo ya bwawa mara mbili kabla ya kuandika.

Na ile nguzo ndiyo iliyoniua. Miaka ishirini na mitano! Kila Machi niliandika kwenye daftari la mgodi: kisiwa cha kaskazini mwa bwawa kimefunikwa. Kila Oktoba niliandika: kimetoka. Nilikuwa nikirudi nyumbani namwambia Melania tukila, "Leo kile kisiwa chetu kimezama," naye anasema, "Maskini, wale ndege." Nani asiyekumbuka mvua za mwaka wa uhuru, reli ilivyokatika, mito ilivyobeba madaraja? Ziwa lilipanda wakati ule na halikurudi lilikokuwa. Melania alipita hapa kabla ya mvua hizo, ndege ya ramani ilipita baada yake. Mtu yeyote mwingine angeweza kukosea. Mimi ndiye niliyelipwa mshahara kujua kwamba maji hufunika visiwa, na mke wangu aliponiambia, nikachukua rula.

"Kipo," nikasema. "Mama Hosiana, kipo."

Maji yalinipiga kifuani. Nilisema tena kwa sauti kubwa zaidi, kwa sababu ya upepo, na nikalia pale pale nikiwa nimepiga magoti, mikono yote miwili kwenye mashimo ya baba yake. Sijawahi kuwa peke yangu namna ile. Hata siku ya kumzika watu walinishika mkono.

Mchana kutwa nilikaa kusini. Jua lilipokaribia kuzama nilihamia kaskazini, kama alivyosema. Kabla giza halijaingia nilitoa daftari kwenye nailoni. Wino wa ule mstari wa rula haukutaka kufutika, kwa hiyo nikayaandika maneno yake upya pembeni, neno kwa neno, na mashimo saba nikayachora.

Alfajiri upepo wa nchi kavu ukaja ukanichukua. Saa tatu nilikuwa mbele ya kijiji chao Maisome. Niliona paa la kanisa, moshi, watu wadogo ufukweni. Niliona pia mawe, meusi, yamechomoza kila mahali, na nikaona kwamba sijui pa kuingilia. Nikalegeza tanga likapigapiga. Nikakaa nje pale, sanduku mbele yangu, kama mgeni aliyefika na hajui jina la mwenye nyumba.

Mtumbwi ukatoka ufukweni. Aliyepiga kasia alikuwa Telesphori mwenyewe, kichwa kimekuwa cheupe tangu tulipoonana. Alishika ubavu wa kidau changu.

"Shikamoo, shemeji."

"Marahaba, shemeji."

Aliliangalia sanduku kwa muda, akalitambua. Akavua kofia, akaiweka mapajani. Kisha akaniuliza, "Umelala wapi? Irumba imefungwa na magugu tangu mwaka juzi."

"Nimelala Kabale."

Alinyanyua kichwa. "Nani kakwambia Kabale? Vijana wa hapa hawalijui hata jina. Wanasema mwamba tu."

"Dada yako. Nimeyagusa mashimo. Safu ya mwisho ni saba."

Alitabasamu, na lilikuwa tabasamu la Melania kabisa, la upande mmoja. "Tulikuwa tunagombania ile safu. Anayeipata anapewa kete moja ya ziada." Akageuka akayatazama mawe, akanitazama. "Basi kama alikwambia hadi Kabale, alikwambia na mlango wa hapa. Mbona umesimama nje?"

Ningeweza kusema ugonjwa ulimzuia. Angeamini, kila mtu angeamini, na Hosiana anaamini hivyo hadi leo.

"Hakumaliza," nikasema. "Nilimkatiza. Nilimwambia Kabale haipo, nikamcheka. Hakunisimulia tena mpaka anakufa."

Maji yaligonga kati ya vyombo vyetu viwili. Telesphori aliweka mkono wake juu ya sanduku la bluu, akauacha hapo.

"Una kalamu?" akauliza.

Nikafungua daftari kwenye namba nne. Akaanza kusema, taratibu, macho yakiwa ufukweni: paa la kanisa liwe juu ya jiwe jeupe, uende hivyo mpaka usikie maji yanabadilika sauti, kisha kulia. Ukipita mawe mawili ya kwanza usipige mluzi. Ukibeba vitu vya marehemu uingie kinyumenyume, ili avione vilima alivyoviacha kabla ya kuwaona watu.

Hayo mawili ya mwisho hayakuniingia akilini hata kidogo. Niliyaandika yote.